Kodi Zilezile Nne: Majibu kwa Wapigaji wa Gitaa

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mpigaji anazijua kodi chache za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, anazishika vizuri, lakini muziki unaotoka haumridhishi. Nimechagua barua tano. Ili tuelewane, nyuzi nazihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa, namba 1, hadi ule mnene kabisa, namba 6, na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, nazihesabu kuanzia kichwani mwa gitaa kuja tumboni. Kila ninapotaja solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti), do ni C.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 19 na ninaipigia gitaa kwaya ya vijana kanisani kwetu hapa Mbeya. Nilijifunza mwenyewe kodi za C, Am, F na G, na kwa hizo ninaweza kusindikiza karibu nyimbo zote tunazoimba. Shida yangu ni kwamba nyimbo zote zinasikika kama wimbo mmoja. Rafiki yangu ameniletea karatasi yenye maumbo ya kodi zaidi ya 100 na kunishauri niyakariri yote. Je, nifuate ushauri wake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo karatasi itunze, utaihitaji siku moja, lakini kwa sasa iweke kabatini. Shida uliyoieleza haitokani na uchache wa kodi. Mtu anayezipiga kodi nne kama matofali, akiondoa moja na kuweka jingine, atazipiga kodi 100 kwa namna hiyohiyo, na nyimbo zake zitaendelea kufanana.

Wewe unapigia kwaya, kwa hiyo mwalimu unaye karibu kuliko unavyodhani. Chukua karatasi ya wimbo wowote ulioandikwa kwa solfa, uitazame mistari yake minne, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi. Mahali ambapo wewe unapiga C, waimbaji wamegawana do, mi na so, na mmoja wao anarudia mojawapo ya hizo. Wimbo unapohamia kodi nyingine, utaona kwamba aghalabu kuna sauti inayobaki palepale ilipokuwa, nyingine inapanda au kushuka hatua moja tu, na besi ndiyo inayotembea mwendo mrefu. Ukiuimba mstari wa sauti ya pili peke yake, nao una utamu wake. Gitaa lako ni kwaya ya nyuzi 6, na kila uzi una haki ya kuwa na mstari wake wa kuimba. Ukianza kulisikia gitaa hivyo, kodi nne zitakutosha kwa muda mrefu sana.

Tuanze na jambo dogo ambalo ninakuomba ulifanye sasa hivi, gitaa likiwa mapajani. Shika C ya kawaida: kidole cha pete kwenye uzi wa 5 freti ya 3, kidole cha kati kwenye uzi wa 4 freti ya 2, kidole cha shahada kwenye uzi wa 2 freti ya 1, nyuzi za 3 na 1 zikiwa wazi. Sasa nenda Am. Kidole cha shahada na cha kati visitikisike hata kidogo. Ni kidole cha pete peke yake kinachouacha uzi wa 5 na kutua kwenye uzi wa 3, freti ya 2. Maana yake ni kwamba mi na do zimebaki mahali pake, so imepanda hatua moja kuwa la, na besi imeshuka kutoka do hadi la. Wanafunzi wengi ninaowaona huinua vidole vyote, wakaikata sauti, kisha wakavirudisha vyote kwa mkupuo. Msikilizaji hajui kilichotokea mkononi, lakini sikio lake linalisikia lile pengo, na linazisikia kodi mbili zisizojuana.

Kutoka Am nenda F, na usiende kwenye ile F ya kuzibana nyuzi zote 6 kwa kidole kimoja. Kiache kidole cha shahada palepale kilipo tangu C, yaani uzi wa 2 freti ya 1. Kidole cha kati kiende uzi wa 3 freti ya 2, na cha pete kiende uzi wa 4 freti ya 3. Uzi wa 1 uache wazi, na nyuzi za 5 na 6 usiziguse. Umepata fa, la, do na mi juu yake. Vitabuni kodi hii huandikwa Fmaj7. Mara nyingi hufundishwa kama F ya wanaoanza, wale ambao vidole vyao havijapata nguvu, na mimi sikubaliani na dharau hiyo hata kidogo, kwa sababu ile mi inayolia wazi kwenye uzi wa 1 ni sauti ileile iliyokuwa ikilia kwenye C na kwenye Am. Sauti moja imezipitia kodi tatu bila kukatika, huku nyingine zikitembea chini yake.

Sasa uupe uzi wa 2 wimbo wake. Ukiwa umeshika C, uzi huo unatoa do. Ukiinua kidole cha shahada unatoa ti, na ukiongeza kidole cha mwisho kwenye freti ya 3 unatoa re. Ukiwa kwenye Am, sauti hizohizo tatu zipo mahali palepale. Kwa hiyo piga C kwa mapigo manne, uzi wa 2 ukiimba do, re, do, ti. Piga Am kwa mapigo manne, uimbe tena do, re, do, ti. Kwenye F tulia kwenye do. Kwenye G anza na re kwa kidole cha mwisho, kisha kiondoe uzi ubaki wazi kwenye ti, halafu rudi C, ambapo ti ile inapanda na kuwa do. Piga taratibu sana, hata kama unaona ni taratibu mno. Kodi ni zilezile nne ulizonazo, lakini sasa kuna mtu anaimba ndani yake.

Ukishauzoea uzi wa 2, nenda kwenye besi. Kati ya C na Am pana nafasi ya sauti moja, yaani ti, na wengi wanairuka. Weka G ambayo besi yake ni ti: uzi wa 5 ushikwe freti ya 2, nyuzi za 4 na 3 ziachwe wazi, uzi wa 2 ushikwe freti ya 3, na uzi wa 6 usipigwe kabisa. Besi yako sasa inashuka do, ti, la kama mtu anayeshuka ngazi. Ukitaka aendelee kushuka, ibakishe Am na upige so kwenye uzi wa 6 freti ya 3, halafu umalizie kwa fa kwenye uzi wa 6 freti ya 1, ambayo wapigaji wengi huishika kwa gumba linalochungulia juu ya shingo huku vidole vingine vikiwa kwenye ile F ya nyuzi nne. Wenye mikono midogo wasilazimishe gumba hilo, kwani fa ya uzi wa 4 inatosha.

Lipo jambo moja ambalo mpigaji wa kwaya anapaswa kulichunga kuliko mpigaji mwingine yeyote. Sauti hizi za nyongeza hupendeza mahali ambapo waimbaji hawajashikilia sauti iliyo jirani yake kabisa. Sauti ya kwanza ikiwa imeshikilia do ndefu mwishoni mwa mstari, usikiinue kidole cha shahada kuleta ti, kwa sababu ti na do zitasuguana na waimbaji watahisi kwamba wao ndio waliokosea. Vivyo hivyo, waimbaji wakiwa kwenye fa, ile mi wazi ya uzi wa 1 uizuie kwa kuugusa uzi kidogo kwa ubavu wa kidole. Wakati wa kuimba, gitaa liwe na adabu. Mistari ya nyongeza ipige katika vile vituo ambapo waimbaji wanavuta pumzi.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Marehemu babu yangu, hapa Kigoma, alikuwa akipiga gitaa kavu, lile lisilo la umeme, kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, na ukimsikiliza ukiwa nje ya nyumba ungedhani wanapiga watu wawili. Mimi ninapiga kodi zilezile alizokuwa akipiga yeye, C, F na G, kwa kucharaza kwa kijiplastiki, na sauti yangu ni bapa. Alikuwa na siri gani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa kumpoteza babu mwenye hazina hiyo. Ulichokisikia kinafanana sana na upigaji uliojengwa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, na kufika pwani za ziwa lenu na mbali zaidi kwa njia ya santuri, redio na wapigaji wenyewe waliosafiri. Mpigaji wake mashuhuri kuliko wote ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville na ambao leo ni Likasi. Aliimba kwa Kiswahili, na alipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Kodi alizotumia zilikuwa chache na za kawaida. Kinachomfanya msikilizaji wa leo asimamishe kazi aliyokuwa akiifanya ni mgawanyo wa kazi kati ya vidole hivyo viwili.

Mgawanyo wenyewe ni huu. Gumba linashika nyuzi nene na halisimami. Shika C, kisha piga kwa gumba uzi wa 5, halafu uzi wa 4, halafu wa 5, halafu wa 4, pigo moja kwa kila hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Fanya hivyo peke yake, bila kidole kingine chochote, mpaka uweze kumjibu mtu anayekuuliza bei ya mahindi huku gumba likiendelea bila kuyumba. Sitanii ninaposema hivyo. Ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu, na wengi hukishindwa kwa siku kadhaa za mwanzo kwa sababu mdomo ukifunguka tu, gumba nalo linasimama.

Gumba likishakuwa na maisha yake, ongeza kidole cha shahada katikati ya mapigo. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Gumba ni namba, shahada ni «na». Kwenye «na» ya kwanza piga uzi wa 1, ya pili uzi wa 2, ya tatu uzi wa 3, ya nne uzi wa 2. Ukilizoea hilo, anza kuziacha baadhi ya «na» kimya. Iache ya kwanza, kisha siku nyingine iache ya tatu. Hapo ndipo utakapomsikia babu, kwa sababu kidole cha shahada kikinyamaza na kuingia pasipotarajiwa, huku gumba likiwa halijali, sikio linaamini kwamba kuna watu wawili wenye mawazo tofauti.

Mazingira nayo yalisaidia. Katika upigaji wa gitaa kavu wa magharibi mwa Kenya, mwenzake mpigaji alikuwa na chupa ya soda aliyoigonga au kuikwaruza kushika mapigo. Kama una mdogo wako anayekaa tu ukifanya mazoezi, mpe chupa na kijiko.

Kuhusu kijiplastiki, usikitupe. Ubapa wa sauti yako unatokana na kuzipiga nyuzi zote kila mara kwa nguvu ileile. Jaribu kuugusa uzi wa besi peke yake kwenye hesabu ya kwanza na ya tatu, na nyuzi tatu nyembamba peke yake kwenye ya pili na ya nne. Kisha jifunze kuikata sauti: mara tu baada ya kucharaza, legeza vidole vya mkono wa kushoto bila kuviondoa kwenye nyuzi, na kodi itanyamaza ghafla. Kodi fupi iliyokatwa vizuri kwenye hesabu ya pili ina nguvu ya kuwainua watu vitini, na hiyohiyo ikiachwa ilie mpaka mwisho haimwinui mtu.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Katika bendi yetu tuko wapigaji wawili wa gitaa. Mwenzangu anapiga C, F na G, nami ninapiga C, F na G. Kiongozi wa bendi amesema mmoja wetu hana kazi. Tufanye nini ili tubaki wote?

JIBU: Kiongozi wenu amesema kweli, ingawa ameisema kwa ukali. Magitaa mawili yanayopiga umbo moja mahali pamoja hayaongezi chochote isipokuwa kelele, na yakitofautiana kidogo tu katika ulinganifu wa nyuzi, yanaharibu hata kile kilichokuwepo.

Bendi za dansi zilizotulea zililitatua jambo hili zamani. Katika bendi kama Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alipiga solo, kila gitaa lilikuwa na kiti chake: la solo, la ridhimu, la besi, na katika bendi nyingi la solo la pili lililokaa katikati. Wakongo nao wana gitaa lao la katikati wanaloliita mi-solo. Kazi ya gitaa hilo la kati ndiyo ninayokupendekezea wewe, na kodi zake ni hizohizo C, F na G.

Nilipokuwa kijana nilipata bahati ya kukaa usiku mzima pembeni mwa jukwaa la bendi ya dansi, mahali ambapo nguzo ilinizuia kuwaona wanamuziki wote isipokuwa mkono wa kushoto wa mpigaji wa gitaa la pili. Awali nilisikitika kwa kuwekwa pale. Baadaye nikagundua kwamba mkono ule ulikuwa hausogei. Kodi zilibadilika, waimbaji walipanda na kushuka, sebene, ile sehemu ya wimbo ambamo magitaa hutawala, iliingia na kutoka, nao ulibaki katika eneo la freti nne au tano, vidole vitatu vikibadilishana nafasi kama watu wanaopishana mlangoni. Nilirudi nyumbani alfajiri nikalichukua gitaa kabla ya kulala.

Alichokuwa akikifanya ni hiki. Tumia nyuzi tatu nyembamba tu. Nitaandika namba tatu, ya kwanza ni freti ya uzi wa 3, ya pili ni ya uzi wa 2, ya tatu ni ya uzi wa 1. C ni 5-5-3. F ni 5-6-5. G ni 4-3-3. Zipige kwa mfuatano C, F, G, C, na uangalie sauti zinavyotembea. Kutoka C kwenda F, do kwenye uzi wa 3 haisogei, mi inapanda kuwa fa, na so inapanda kuwa la. Kutoka G kurudi C, so kwenye uzi wa 1 haisogei, ti inapanda kuwa do, na re inapanda kuwa mi. Ukitaka G iliyo juu zaidi, lisogeze umbo la F freti mbili mbele, uipate 7-8-7. C nayo ina nyumba nyingine mbili kwenye nyuzi hizohizo: 0-1-0 kule kichwani na 9-8-8 kule katikati ya shingo. Kwa hiyo wimbo mmoja wenye kodi tatu unaweza kuupiga beti la kwanza katika eneo la freti ya 3 hadi ya 6, na beti la pili katika eneo la freti ya 7 hadi ya 10, na msikilizaji atahisi kwamba kuna taa imewashwa.

Wakati wa sebene, badala ya kodi kamili, piga sauti mbili mbili zinazotembea pamoja kwenye uzi wa 3 na uzi wa 1, ukiuruka wa 2. Anza na nyuzi zote mbili zikiwa wazi, ambazo ni so na mi. Fuata freti ya 2 na ya 1, ambazo ni la na fa. Kisha 4 na 3, kisha 5 na 5, kisha 7 na 7, na mwisho 9 na 8, ambapo unafika mi na do. Panda na kushuka humo, ukituama kwenye jozi ambayo sauti zake zimo ndani ya kodi anayoipiga mwenzako. Sikio la mtu wa huku kwetu linazijua jozi hizi tangu utotoni, liwe limelelewa na dansi, na benga au na rumba.

Kama vidole vyako bado havijakomaa kwa kazi hiyo na onyesho ni wiki ijayo, nunua kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni mwa gitaa. Kifunge kwenye freti ya 5, kisha upige maumbo ya G, C na D wakati mwenzako akipiga C, F na G bila kapo. Kodi zitakuwa zilezile kwa sauti, lakini zako zitalia juu zaidi na kwa mpangilio tofauti. Ni njia ya mkato, nami sioni aibu kuipendekeza. Wapo pia wapigaji wa mi-solo wanaouondoa uzi wa 4 wa kawaida na kuweka mahali pake uzi mwembamba kama ule wa 1, wakiulinganisha oktava moja (kutoka do hadi do inayofuata) juu ya ule walioutoa, na gitaa zima likapata ule mng'ao unaousikia katika rumba. Hilo lijaribu baadaye, na kwa gitaa ambalo hulihitaji kwa kazi nyingine.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Katika kitabu cha nyimbo nimeona alama ya Dsus4 na Dsus2. Mwalimu wangu wa shule anasema ni kodi za wataalamu na nisizijaribu. Ni kweli? Ni mimi mwanafunzi wa kidato cha pili, Iringa.

JIBU: Marahaba, binti au kijana wangu. Zijaribu leo hii. Shika D: kidole cha shahada kwenye uzi wa 3 freti ya 2, cha pete kwenye uzi wa 2 freti ya 3, cha kati kwenye uzi wa 1 freti ya 2, na uzi wa 4 wazi. Ongeza kidole cha mwisho kwenye uzi wa 1 freti ya 3: hiyo ndiyo Dsus4. Kiondoe, D imerudi. Sasa inua na kidole cha kati ili uzi wa 1 ubaki wazi: hiyo ndiyo Dsus2. Tukiiita D do kwa muda, ile sauti ya mi, ambayo ndiyo inayotuambia kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, imeondolewa, na mahali pake pameketi fa au re. Ndiyo maana kodi hizi zinasikika kama swali linalosubiri jibu, na D yenyewe ikirudi unasikia jibu lake. Kwenye A fanya hivyohivyo kwa uzi wa 2, ambao kwa kawaida uko freti ya 2: upeleke freti ya 3, urudishe, kisha uuache wazi. Usiziweke kila mahali, kwani swali likiulizwa kila sekunde halisubiriwi tena jibu lake. Mwisho wa mstari, kabla mwimbaji hajaingia tena, panatosha.

SWALI: Mwalimu, nimefuata maelekezo yote ya vitabu, na vidole vyangu viko mahali panapotakiwa, lakini kodi zangu bado zinasikika chungu. E inalia vizuri sana, halafu nikienda C au G ninatamani kuacha. Gitaa langu ni bovu? Msomaji, Bukoba.

JIBU: Huenda si bovu. Maneno yako yenyewe yamenionyesha pa kuangalia. Nadhani unazilinganisha nyuzi kwa kuisikiliza kodi ya E mpaka ikutulie, na hasa unaushusha uzi wa 3 kidogo kidogo mpaka ile sauti iliyo freti ya 1 ikae tamu. Sikio lako ni zuri, kwa sababu waimbaji wanaoimba bila ala nao huishusha mi yao kidogo hivyohivyo. Lakini freti za gitaa zimepangwa kwa maafikiano: oktava imegawanywa hatua 12 zilizo sawa ili kodi zote zikae vizuri kiasi, bila hata moja kukaa sawasawa kabisa. Ukiushusha uzi wa 3 kuipendeza E, uzi huohuo ukiachwa wazi kwenye C na G unakuwa chini mno, na hapo ndipo uchungu unapoanzia.

Linganisha kila uzi peke yake ukiwa wazi, kwa kifaa au kwa programu ya simu, na usiuguse tena ukiwa ndani ya kodi. Kisha chunguza mkono wa kushoto. Anayeubonyeza uzi kwa nguvu kupita kiasi huunyoosha na kuupandisha sauti, na jambo hilo linaonekana zaidi kwenye freti tatu za mwanzo, hasa kwa gitaa ambalo nyuzi zake ziko juu sana ya shingo. Weka ncha ya kidole nyuma tu ya chuma cha freti, ubonyeze kidogo kidogo kuanzia pasipolia, na uishie pale uzi unapoanza kulia safi. Nguvu hiyo inatosha. Na kama nyuzi zako zimeota kutu na zimekaa humo tangu mwaka juzi, zibadilishe zote sita kwa pamoja kabla ya kulilaumu gitaa. Ukishazifunga, zivute kidogo kwa mkono, moja baada ya nyingine, uzilinganishe tena, na urudie mara tatu au nne siku hiyo ya kwanza, maana nyuzi mpya hushuka.